Baiskeli ya Phoenix, mtumba wa Japan au ya gia: kipi kitaharibika kwanza, na utaanguka vipi?

Korosho zikishauzwa mnadani na malipo yakaanza kuingia, simu yangu haipumui. Safari hii alikuwa shemeji yangu wa Nanyamba, huku Mtwara. Hela ya baiskeli anayo, ila amekwama kwenye tatu. Moja ni Phoenix mpya, ile nyeusi ya breki za vyuma. Ya pili ni mtumba wa Japan wenye kikapu mbele. Ya tatu ni ya gia, mpya, ina springi mbele na diski zinazong'aa kama sarafu. Alitaka nimwambie ipi ngumu.

Swali la ugumu halimfikishi mbali, kwa sababu zote tatu zitaharibika. Afadhali aulize kitu gani kitaachia kwanza, kama kitapiga hodi kabla, na kikishaachia atakuwa bado ndiye dereva au ameshageuka abiria.

Hili nililijua kwa kiwiko. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nashuka kuelekea Mikindani, nina haraka ya kuwahi samaki. Nilipobana breki ya mbele, waya ukakatika pale kichwani, ndani ya mkono wa breki. Ya nyuma peke yake haikutosha. Nikachagua mchanga wa pembeni, mchanga nao ukachagua ngozi yangu. Nilipokaa chini nikakumbuka kwamba nyuzi mbili za waya ule zilikuwa zikinichoma kidole wiki nzima. Hodi ilipigwa, ila sikufungua mlango.

Tusiidhulumu baiskeli lakini. Ajali nyingi huanzia kwenye shimo, giza, bodaboda iliyokata kona vibaya, au mwendo wa mpandaji mwenyewe. Kazi ya kifaa kibovu ni kukuza kosa. Shimo ambalo ungelipita na kutukana kidogo tu, linakulaza hospitali ya Ligula.

Nitazipima kwa vitu gani

Cha kwanza ni hodi. Chuma cha kawaida mara nyingi hupinda, hulia au hulegea kabla ya kuachia. Alumini ni nyepesi na haili kutu kama chuma, lakini huchoka kimyakimya: ufa mdogo unakua kila unaporuka shimo, na siku ya kuvunjika hauombi ruhusa.

Cha pili ni mahali. Kitu kikivunjika nyuma, aghalabu unaserereka na kukaa chini. Kikivunjika mbele, gurudumu linasimama na wewe unaendelea, kichwa kikitangulia. Kwa hiyo nati moja ya mbele naipa uzito kuliko vitu vitano vya nyuma.

Cha tatu ni mzigo, maana huku kwetu baiskeli ni punda. Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80, na hapo mtu hajapanda. Mwendo ukiongezeka mara mbili, kazi ya breki inakuwa mara nne. Anayeshuka Rondo au anayetoka Newala kuteremkia upande wa Masasi anaielewa hesabu hii hata kama hesabu zilimshinda shuleni.

Mwisho ni hali ya kwetu: chumvi ya bahari, kichanga, mvua, na fundi wa jirani ana spana gani.

Breki

Breki ya Phoenix ni vyuma vinavyovuta vipande vya mpira kwenda juu, vikabana rimu kwa upande wa ndani. Kila kitu kiko nje, unakiona. Fimbo ya chuma haikatiki ghafla kama waya. Kinacholegea ni nati na viungo, navyo vinagonga, huku mkono wa breki ukishuka siku hadi siku mpaka unagusa usukani. Udhaifu wake unaonekana kwenye mvua: rimu ya chuma yenye kromi ikilowa inakuwa kama sahani yenye sabuni. Unabana, baiskeli inajifanya haijasikia, na gurudumu linazunguka kwanza likijifuta maji. Kuna mtego mwingine ambao mafundi wenye haraka hawausemi. Ukirudisha gurudumu la nyuma ili kukaza mnyororo, rimu inahama ila mipira ya breki inabaki ilipokuwa. Unaondoka na mnyororo mzuri na breki inayogusa nusu. Kila mnyororo ukikazwa, breki ya nyuma ipangwe upya palepale, kabla hujalipa.

Mtumba wa Japan kwa kawaida una breki mbili za tabia tofauti. Ya mbele ni ya waya, inabana rimu kwa pande mbili. Ya nyuma imefichwa kwenye kikombe pembeni mwa habu (kitovu cha gurudumu), ndani yake kuna mkanda au ngoma. Maji ya mvua hayaifikii kirahisi, kwa hiyo Januari na Februari ndiyo miezi yake ya kujidai. Kinachoisha ndani hukioni, ila unakisikia: inalia. Inalia mpaka watu wa mtaa wa pili wanajua umerudi. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanatia mafuta ili inyamaze. Inanyamaza kweli, na kushika haishiki tena. Mkanda ulionyonya mafuta ubadilishwe, usijaribu kuukausha kwa jua na dua. Waya nao ulishakaa miaka Japan, ukasafiri na meli, ukasubiri dukani. Bana mkono wa breki halafu achia. Ukirudi polepole, ndani ya ala yake kuna kutu. Badilisha kabla ya safari ya kwanza. Waya ni kitu cha bei ndogo.

Ya gia huja na mojawapo ya mbili. Zile za mikono miwili inayobana rimu kama koleo zina nguvu sana zikipangwa vizuri, ila kuzipanga ni kazi. Mpira ukikaa juu mno unasugua ukuta wa tairi mpaka tyubu inachungulia na kupasuka. Ukikaa chini mno unateleza chini ya rimu na kuingia kwenye spoki, na kama ni gurudumu la mbele nimeshakueleza kichwa kitakuwa wapi. Mchanga ulionasa kwenye mpira unaila rimu ya alumini kama msasa. Pitisha kidole kwenye ukuta wa rimu. Ukisikia bonde, rimu hiyo imebakiza muda mfupi kabla ya kufumuka. Diski haijali mvua wala rimu iliyopinda, na kwa hilo inazishinda breki zote zinazobana rimu. Lakini tone la mafuta ya mnyororo likiigusa, breki imeondoka, na sahani ikipinda kidogo itasugua mpaka upate mtu mwenye subira ya kuinyoosha.

Jambo moja linazihusu zote tatu. Kwa desturi ya Japan na Uingereza, mkono wa kulia ndio unaoshika gurudumu la mbele. Marekani na Ulaya bara ni wa kushoto. Baiskeli zetu hutoka kila kona na mafundi hubadilisha wanavyojua. Kabla ya kupanda, bana mkono mmoja mmoja uone gurudumu lipi linasimama. Usisubiri kugundua kwenye mteremko.

Mbele: uma, usukani, gurudumu

Uma wa Phoenix, yaani ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, ni wa chuma, mzito, na ukigonga kitu hupinda kwanza. Ukiitazama baiskeli kwa pembeni ukaona uma umerudi nyuma kuelekea fremu, usinyooshewe kwa bomba na ukaambiwa tayari. Chuma kilichopindwa na kunyooshwa mahali palepale kimepoteza nguvu, na pale ndipo ufa utakapoanzia. Gololi za usukani zikilegea, breki nzima ya mbele inatetemeka nazo. Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma; ukisikia "tok, tok", kaza leo.

Kwenye mtumba nina wasiwasi na vitu viwili. Cha kwanza ni shina la usukani. Baiskeli hizi nyingi zilitengenezwa kwa mtu anayekaa wima, na watu warefu wa huku wanazivuta juu zaidi. Kwenye shina kuna mistari midogo iliyochorwa: ikionekana, umevuta kupita kiasi, na kipande kilichobaki ndani hakitoshi kushika. Usukani unaweza kukutoka mkononi kama mpini wa jembe. Cha pili ni madigadi ya mbele na kikapu. Waya wa madigadi ukikatika, bati linaingia kati ya tairi na uma na kulikwamisha gurudumu. Watu wanaifunga kwa kamba wakiona ni kitu cha urembo. Madigadi ya mbele iliyolegea ifungwe kwa bolti, au itolewe kabisa upakwe matope usoni na miguuni.

Ya gia ina springi. Kwa bei zinazouzwa hapa, springi nyingi ni mzigo zaidi kuliko faida: kwenye kichanga na hewa ya bahari zinapata kutu ndani, zinaganda, na miguu ya uma inaanza kucheza. Halafu kuna zile zenye wenzo wa kufungua gurudumu bila spana. Wenzo ule haukazwi kwa kuzungushwa kama nati. Unafungwa kwa kuukunja, na usipoacha alama kwenye kiganja bado haujafungwa. Si kitu cha kudharau. Mwaka 2015 kampuni ya Trek ilizirudisha baiskeli zipatazo 900,000 nchini Marekani, kwa sababu wenzo wa mbele uliofunguka kupita kiasi uliweza kunasa kwenye diski na kulisimamisha gurudumu. Mpandaji mmoja alipooza mikono na miguu. Kama yako ina wenzo na diski mbele, hakikisha wenzo uko upande usio na diski, au ukifunguka wote haufiki kwenye diski.

Hapa nitoke njiani kidogo. Baada ya ajali kila mtu anasema "uma ulivunjika, ndiyo akaanguka". Wakati mwingine ni kinyume: alianguka, ndipo uma ukavunjika. Chuma chenyewe hutoa ushahidi. Tazama palipokatika kabla hapajaguswa na mafuta. Sehemu iliyo nyeusi au yenye kutu ni ufa wa zamani, ulikuwepo kabla ya safari ile. Sehemu inayong'aa ni ya leo. Ikiwa pote panang'aa na uma umekunjwa kurudi nyuma, tafuta baiskeli iligonga nini. Nimeona fundi akilaumiwa kwa uma uliokutana na mwembe.

Magurudumu na keria

Kwa mzigo, Phoenix ndiyo yenye mwili. Kwa mtindo wa zamani wa Kiingereza ambao baiskeli hizi zimeurithi, gurudumu la nyuma lina spoki 40 na la mbele 32. Mtumba na za gia nyingi zina 36. Spoki hukatika nyuma, upande wa mnyororo, na hukupa taarifa: "ting", kisha rimu inaanza kucheza kama mlevi. Moja si ajali, ila ukiendelea na gunia zinafuata nyingine. Spoki iliyokatika isiachwe ikining'inia.

Keria ya mtumba ina siri ambayo wauzaji hawaisomi. Tafuta kibandiko kidogo au chapa yenye namba 18, 25 au 27. Hizo ni kilo. Dumu moja la maji limeshapita ya kwanza. Ya gia mara nyingi haiji na keria kabisa. Inayofungwa baadaye kwa kubana bomba la siti huteleza, inashuka, na kuligusa tairi. Ukitaka kubebea kitu, keria ipate miguu inayosimama karibu na ekseli.

Tairi zina mtego wa namba. Mtumba wa Japan huvaa 26 x 1⅜, na ya gia huvaa 26 x 1.95 au karibu na hapo. Zote zinaitwa ishirini na sita, ila kipenyo cha ukingo unaokaa kwenye rimu ni milimita 590 kwa ya kwanza na 559 kwa ya pili. Sentimita tatu na zaidi! Tairi kubwa iliyolazimishwa kwenye rimu ndogo inatoka ikiwa imejaa upepo, kwa kawaida wakati wa kukata kona. Ubavuni kuna namba ndogo, kama 37-590. Soma hiyo, achana na ishirini na sita. Phoenix ya 28 x 1½ ina ukingo wa 635 na spea yake ipo mpaka vijijini.

Krenki, pedali, mnyororo

Nitapita haraka, maana mengi hapa yanaumiza kifundo tu. Ila ukiwa umesimama kwenye pedali kupanda mlima wa Mtanda pale Lindi halafu mguu ukateleza, utaangukia bomba la fremu, na hiyo si habari ndogo kwa mwanaume.

Krenki ya Phoenix, yaani mkono unaobeba pedali, imeshikwa na pini. Ikilegea unasikia mguu "unaanguka" kidogo kila mzunguko. Pini hukazwa kwa nyundo, krenki ikiwa imeegemezwa kwa chini. Kazi ya nati ni kuizuia isirudi. Krenki ya tundu la mraba, kama zilivyo za gia nyingi, ikilegea ukaendelea kukanyaga, tundu la alumini linakuwa duara na hakuna spana itakayolirudisha. Na usidhani bei inaokoa: Septemba 2023 Shimano, kampuni ya Japan inayotengeneza vifaa vya baiskeli, ilitangaza kukagua krenki zake za bei ghali zipatazo 680,000 Marekani baada ya taarifa zaidi ya 4,500 za krenki kuachana vipande. Kwa wote: pedali ya kushoto hukazwa kinyume. Fundi akilazimisha, uzi wa krenki umekufa.

Mnyororo wa mtumba mara nyingi una kifuniko, na kwa kichanga cha kwetu hiyo ni neema. Kwenye ya gia, kile kidude cha nyuma kinachosukuma mnyororo kikipindishwa na kuanguka kidogo tu, gia kubwa inakitupa ndani ya spoki. Gurudumu la nyuma linakwama papo hapo. Baiskeli ikianguka upande wa kulia, usibadilishe gia mpaka ukitazame kwa nyuma kama kimenyooka.

Bahari na fundi

Anayekaa Shangani, Mikindani au karibu na mashamba ya chumvi, chuma chake kinaliwa usiku akiwa amelala. Phoenix itapata kutu mapema na utaiona. Mtumba na ya gia, zenye alumini na chuma pamoja, hupata ugonjwa mwingine: shina la alumini lililokaa ndani ya bomba la chuma linaganda na kuliwa kwa ndani. Lichomolewe mara moja kwa mwaka, lipakwe grisi, lirudishwe. Mchuuzi wa samaki aoshe baiskeli kwa maji yasiyo ya chumvi kila jioni, tena mbele kabla ya nyuma.

Fundi wa chini ya mwembe anaijua Phoenix kwa kugusa. Mtumba anauelewa, isipokuwa kile kikombe cha breki ya nyuma. Za diski, Mtwara mjini utapata mtu. Ukitoka lami ikaisha, uliza kwanza.

Sasa, kwa hali yako

Unabeba maji, korosho au mkaa, na njia ni tambarare au mchanga: Phoenix, au yoyote ya aina yake. Mvua ikinyesha, anza kubana mapema, kidogo kidogo, rimu ijifute.

Unabeba mzigo huohuo ila kuna mteremko mrefu, kama Newala au Rondo: hapa hakuna kati ya tatu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Ukilazimika, Phoenix yenye mipira mipya ya breki, mzigo upunguzwe, na penye mwinamo mkali shuka utembee. Wazee walikuwa wanatembea, na si kwamba walikuwa waoga.

Mwalimu, nesi, mwanafunzi wa Mtwara mjini mwenye begi na lami: mtumba wa Japan unatosha kabisa, ukishabadilisha nyaya zote mbili, mipira ya breki ya mbele, na kushusha usukani mpaka mistari isionekane. Anayebeba mtoto nyuma afunge kizuizi kwenye spoki, kwa sababu mguu wa mtoto unaingia kwa sekunde.

Unapenda mwendo, huna mzigo, unakwenda Msimbati Jumapili na unashika spana mwenyewe: ya gia. Kati ya diski na zile za koleo, chagua diski kama njia yako ina mvua na matope na fundi yupo; chagua koleo kama huna fundi, maana waya na mpira vinapatikana popote. Usinunue yenye springi mbele na nyuma kwa bei ya kutupa.

Una hela ya baiskeli tu, hela ya fundi huna: nunua ya bei ya chini kidogo, ile inayobaki ipeleke kwenye waya, mipira na gololi siku hiyohiyo.

Shemeji aliniambia njia yake ni kilomita sita za mchanga, madumu mawili asubuhi na ming'oko (mizizi ya porini inayoliwa) siku za gulio. Alichukua Phoenix. Juzi kanipigia tena: mnyororo umekazwa na breki ya nyuma inagusa upande mmoja, arudi kwa fundi au aache? Nimemwambia arudi, na aende kwa miguu, anaikokota.